Mahali Mchwa Walipofikia

"Bibi, Aladini hayumo."

Mjukuu wangu aliniambia hivyo kabla hata hajaketi. Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa pili wa zabibu, nami nilikuwa shambani nakata vichala na kuvipanga kwenye ndoo. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa bodaboda, suruali imejaa vumbi la Mkonze hadi magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Hayumo wapi?"

"Kwenye Alfu Lela Ulela. Aliongezwa. Ali Baba naye aliongezwa. Tumesoma wiki hii. Hati ya kale ya Kiarabu haina hadithi hizo kabisa, Bibi. Zote mbili ni feki."

Nilimwambia ashike ndoo ya pili tumalize mstari kwanza. Nilihitaji muda. Yeye alidhani ananiletea habari za kitabu, kumbe alikuwa ameshika mahali ambapo nimekuwa nikipafunika tangu mwaka 1979.

Tangu siku ile nimemsumbua aniletee kila alichosoma, na jioni nyingi tumekaa barazani yeye akinitafsiria palipo na Kiingereza kigumu. Nilichokuta kimenifanya nifikiri mambo ambayo kanisani huwa tunayapita haraka, nami nimeona niyaandike nikiwa bado na macho ya kuandikia.

Alfu Lela Ulela ni kitabu kilichokuwa kikiongezewa tangu zamani. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, anakitaja kuwa ni mkusanyiko uliotoka Uajemi. (Huyo al-Masudi alifika hadi pwani yetu. Mwaka 916 aliondoka kwa chombo kutoka Kanbalu, kisiwa ambacho wengi wanaamini ni Pemba.) Miongo michache baadaye Ibn al-Nadim, aliyekuwa akifanya kazi ya vitabu huko huko Baghdad, aliandika kwamba amekiona kitabu hicho kizima na hakikumpendeza hata kidogo, kwake kilikuwa kitu hafifu. Hao ni miongoni mwa wasomaji wa kwanza ambao maneno yao yametufikia, na tayari mmoja wao alikuwa na shaka kama kitabu kinastahili kuwapo. Jina linasema siku elfu na moja, lakini kwa masikio ya zamani elfu ilikuwa namna ya kusema "nyingi mno". Waliokuja baadaye waliichukua kama hesabu, wakatafuta hadithi za kuijaza.

Mwaka 1704 Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapisha tafsiri yake. Hati aliyokuwa nayo ilitoka Shamu, ina majuzuu matatu, na hadi leo imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Inakatika karibu na usiku wa 282. Wasomaji wa Paris walikuwa wamenogewa, hawakutaka kusikia kwamba kisima kimekauka. Mwaka 1709 mchapishaji akatoa juzuu la 8 akiwa ameingiza humo hadithi zilizotafsiriwa na mtu mwingine, bila kumuuliza Galland. Galland alikasirika. Juzuu la 9 lilipotoka mwaka 1712 aliweka tangazo mbele kuwaonya wasomaji kwamba zile hadithi hazikuwa za kitabu hiki.

Na ndani ya juzuu hilo hilo la 9, Aladini anaanza.

Nilimwomba mjukuu wangu anisomee mara mbili, nikidhani amekosea. Hakukosea. Mtu aliyelalamika kwa haki kwamba ameongezewa maneno bila taarifa, katika juzuu hilo hilo anaongeza yeye, na hasemi.

Alizipata wapi? Alizipata kwa kijana wa Halab aitwaye Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kidogo. Diyab alifika Paris na msafiri mmoja wa Kifaransa, Paul Lucas, aliyemwahidi kazi katika maktaba ya mfalme. Lucas alimpeleka Versailles mbele ya Louis wa 14 pamoja na panya wa jangwani waliofungiwa tunduni, panya wale warukao kwa miguu ya nyuma, ili mfalme awaone. Baridi ya mwaka 1709 ilikuwa ya kuua watu Paris, na kijana wa Shamu akaiona. Katika majira ya kuchipua akawa anakutana na mzee Galland na kumsimulia hadithi. Alimsimulia hadithi 16, na 10 kati ya hizo Galland akazitia kitabuni. Aladini ilikuwa mojawapo, Ali Baba nyingine. Jina la Diyab lilibaki katika shajara ya Galland. Kitabuni halimo.

Kazi ya maktaba hakuipata. Alirudi Halab, akauza vitambaa, akaoa, akazeeka. Karibu na mwaka 1764, akiwa mzee, aliandika habari za safari zake kwa Kiarabu. Humo anamtaja mzee mmoja aliyekuwa akitafsiri kitabu cha hadithi za usiku, kwamba mzee alipungukiwa na siku kadhaa, naye akamsimulia alizozijua, na mzee akafurahi sana. Basi. Aladini hamtaji kwa jina. Hakujua alichokuwa amekitoa. Hati yake ilikaa hadi ikaishia katika maktaba ya Vatikani, na kurasa zake za mwanzo zimepotea, kwa hiyo hata kitabu cha mtu huyu kinaanza katikati.

Mwaka 1984 Muhsin Mahdi, mwanachuoni aliyezaliwa Iraki, alitoa chapa ya ile hati ya Galland kama ilivyo, bila nyongeza. Mwaka 1990 Husain Haddawy akaitafsiri kwa Kiingereza vivyo hivyo, safi, haina Aladini, haina Ali Baba, haina hata Sindbad, ambaye naye alikuwa na kitabu chake peke yake kabla ya kuingizwa humu. Halafu mwaka 1995 Haddawy huyo huyo akatoa kitabu cha pili, na ndani yake wapo wote watatu. Kwangu mimi hapo pana jibu la wasomaji lililo wazi kuliko maelezo yoyote. Kilitolewa kitabu kilichosafishwa, na baada ya miaka mitano wale waliofukuzwa wakawa wamerudi ndani.

Jibu langu la kwanza kwa mjukuu wangu lilikuwa jepesi. Nilimuuliza, "Hadithi tunaifunguaje?"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," akasema.

"Basi. Nani kakudanganya? Uliuita uongo mwenyewe, ukaja."

Alinyamaza, akachuma zabibu moja akaitafuna. Kisha akasema, "Bibi, mimi niliuita uongo wa jini. Sikuuita uongo wa nani kasema."

Ni kweli. Nimefundisha shule ya msingi miaka 38 na sikuwahi kulisikia likisemwa vizuri hivyo. Anayeitikia "uongo njoo" anakubali taa isuguliwapo itoe jini, anakubali pango lifunguke kwa neno. Kuhusu msimulizi hajakubali lolote. Msimulizi anamwona, ameketi pale karibu na moto, ni shangazi yake au babu yake, na kesho akitaka kuuliza atamkuta. Uongo wa hadithi unabebwa na ukweli wa aliyeketi. Ndiyo maana nikashindwa kulala usiku ule.

Mimi niliingia ualimu mwaka 1977, wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza. Tulikuwa vijana tuliomaliza darasa la saba, tukafunzwa kazi huku tunafundisha, na watu walikuwa wakituita walimu wa UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Jina hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu tulibeba madarasa ya watoto 80 na 90 ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuyabeba. Mwaka 1979 nilipewa darasa la nne katika shule moja ya vijijini. Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, daftari adimu, vitabu vya kiada vinatumiwa na watoto watano watano. Lakini baba yangu aliniachia sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi za Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili.

Sijui kilichapwa lini. Najua kwamba Edwin Brenn na Frederick Johnson walitoa tafsiri ya Kiswahili London mwaka 1929, na pengine kitabu cha baba ni mtoto au mjukuu wa hicho. Changu hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Harufu yake ni ya udongo na ya mafuta ya taa, kwa sababu baba alikuwa akipaka mafuta ya taa pembezoni mwa sanduku kuzuia mchwa. Ijumaa mchana, watoto walipokuwa wamechoka, niliketi juu ya meza nikawasomea. Madirisha hayakuwa na vioo. Upepo wa Ugogo unajulikana, ukivuma mwezi wa nane unaingia na mchanga, nami nilikuwa nikisoma nimekunja khanga mbele ya ukurasa.

Tulisoma Ali Baba kwa wiki tatu. Watoto walimpenda Marjana, kijakazi wa nyumba, kuliko mwenye nyumba. Marjana ndiye anayegundua kwamba ndani ya mitungi kuna wezi, ndiye anayechemsha mafuta na kuyamimina mtungi kwa mtungi hadi sauti zote zinyamaze. Nilifika pale ambapo mkubwa wa wezi anaona watu wake wote wamekufa, anaruka ukuta na kukimbia. Nikafunua ukurasa.

Hapakuwa na ukurasa. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma. Walikula kama wanavyokula daima, wakaacha pembezoni pasimame na katikati wakajaza udongo, ukishika unabomoka mkononi. Nilikuwa sijapekua hadi mwisho, na mwisho wa hadithi yenyewe nilikuwa siujui. Baba alinisimulia nikiwa mdogo, lakini nilikuwa nikisinzia.

Macho 90 mara mbili yalinitazama. Nikaendelea kusoma.

Nasema "kusoma" kwa sababu sikuinua macho kutoka kwenye ule udongo. Niliufuata kwa kidole kama mtu anayefuata mistari. Nikasema kwamba asubuhi Ali Baba alimwita Marjana, akamwambia, kuanzia leo wewe ni huru, omba utakalo. Marjana hakuomba dhahabu wala mume wala nyumba. Aliomba nauli. Nilisema nauli kwa sababu watoto wetu walijua nauli ni nini, reli ya kati ilikuwa karibu, treni ya kwenda Tabora na Kigoma waliisikia usiku. Aliomba nauli ya kurudi kwao, kwa mama yake, na akasema njia anaikumbuka.

Darasa lilikuwa kimya. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, alifika?"

"Alifika," nikasema, na nikafunga kitabu.

Mwisho wa kweli niliujua miaka mingi baadaye. Mkubwa wa wezi anarudi kwa sura ya mfanyabiashara, Marjana anamtambua, anacheza ngoma mbele yake akiwa na jambia na kumchoma, na kwa shukrani Ali Baba anamwoza kwa mwanawe. Ni mwisho mzuri kwa namna yake, na una ngoma. Lakini katika mwisho huo Marjana anabaki nyumba ile ile.

Wangu niliutoa wapi kwa haraka ile? Huko nako nimefikiri sana. Bibi yake mama yangu hakuwa Mgogo kwa kuzaliwa. Mama alisimuliwa kwamba aliachwa na msafara wa watumwa akiwa mtoto, anaumwa, hawezi tena kutembea, akaachwa chini ya mbuyu, na watu wa huku wakamchukua. Misafara ya kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita Ugogo, na watemi wetu walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na kuuza maji, hilo halifichiki, sisi tulisimama pembezoni mwa njia ile tukichukua chetu. Yule bibi alikuwa akisema kwao ni magharibi, kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Aliolewa huku, akazaa, akafa huku. Hakuna aliyewahi kumpa nauli. Kumbe Ijumaa ile nilimrudisha yeye.

Njia hiyo hiyo, mwaka 1857, alipita Richard Burton akielekea Ziwa Tanganyika, akalipa hongo Ugogo kama wengine. Ndiye huyo aliyekuja kuchapisha tafsiri ya Alfu Lela Ulela kwa majuzuu 10 kuanzia 1885, kisha mengine 6 ya nyongeza. Aladini na Ali Baba aliwaweka katika yale ya nyongeza. Aliwakaribisha hadi barazani na kuwaandalia mkeka huko huko. Ali Baba alilazimika kumtafsiri kutoka Kihindustani, maana hati ya Kiarabu hakuipata. Siku hizo hizo zilipatikana hati za Kiarabu za Aladini, watu wakashangilia kwamba hatimaye asili imeonekana. Mahdi alionyesha baadaye kwamba hati hizo ziliandikwa kwa kugeuza Kifaransa cha Galland kurudi Kiarabu. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa kabisa. Mtu aliona pengo, akatengeneza uzee wa kulizibia. Nami niliyefuata udongo wa mchwa kwa kidole nilifanya tofauti gani?

Jirani yangu ni ustadhi, ana madrasa ya watoto nyuma ya nyumba zetu, na kila msimu wa zabibu huja kwangu na bakuli. Nilimweleza kisa chote, isipokuwa kwamba mwalimu yule ni mimi. Nilisema "mwalimu mmoja".

"Kiswahili kinatuponza, Mwalimu," alisema. "Neno la Mtume tunaliita hadithi, na la Abunuwasi tunaliita hadithi. Watu wanadhani ni mzani mmoja."

Nikamuuliza, kwenye hizo hadithi za Mtume wao hupima vipi. Akaniambia wanazuoni wao hawaanzi kwa kuuliza kama neno ni zuri. Wanaanza na kuuliza, amekwambia nani, naye aliambiwa na nani, hadi mwisho wa mnyororo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitumia maisha yake katika kazi hiyo, na mlolongo wa majina ukikatika mahali, neno linashushwa daraja hata liwe tamu namna gani.

"Na kama aliyeongeza alikuwa na nia njema?"

Alilifikiria hilo, bakuli magotini. "Walikuwapo hao pia. Watu wa ibada kabisa, walitunga maneno kuhusu fadhila za sura ili watu warudi kuisoma Kurani. Walipoulizwa wakasema tumemwongopea Mtume kwa faida yake. Wanazuoni waliwaogopa hao kuliko waongo wa kawaida, Mwalimu, kwa sababu mwongo wa kawaida mtu humshtukia."

Kisha akaniaga, na mlangoni akageuka. "Huyo mwalimu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mnyororo haujakatika. Mwambie aseme."

Kwetu sisi Wakristo jambo hili liko ndani ya Kitabu chenyewe. Mwaka mmoja wakati wa Kwaresima, katika mafungo ya akina mama, mchungaji alitufundisha mwisho wa Injili ya Marko. Alisema hati mbili kongwe za karne ya 4 zilizo na Injili hiyo kamili, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zinaishia kwenye mstari wa 8 wa sura ya 16, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakitetemeka, hawamwambii mtu neno kwa sababu ya hofu. Mistari 12 inayofuata iliingia baadaye, na Biblia nyingi huizungushia mabano au huweka maelezo chini.

Mama mmoja karibu yangu alisema kwa sauti, "Kumbe tumedanganywa." Na mwingine, mama mkongwe ambaye alizika watoto wanne na ambaye huwa hasemi mikutanoni, alisema, "Mimi mwisho huo mfupi ndio ninaoujua. Nilikimbia vile."

Nimekuwa nikiwasikia wote wawili tangu siku hiyo, na nadhani wa kwanza alikosea mahali ambapo mjukuu wangu naye alikosea. Yeyote aliyeongeza mistari ile 12 hakuvumilia kuwaacha wanawake wale kwenye hofu. Alikuwa na habari, aliamini ni kweli, kanisa lake liliiamini, akaiweka pale palipokuwa na pengo. Kanisa limeisoma, limezika na kubatiza kwa maneno hayo, na halitaifuta. Yale mabano ndiyo ninayoyapenda. Mabano yanasema, karibu ukae, lakini tunajua ulikuja saa ngapi.

Mkonze tunalielewa hilo bila kitabu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukalala, na mwaka 2016 Rais Magufuli aliposema serikali inahamia kweli, viwanja vikaanza kupimwa hadi kwenye mashamba yetu ya uwele. Leo nyumba tatu kutoka kwangu kuna Mnyakyusa, Mhaya na Mpemba. Wameongezwa. Hakuna anayewaita feki, na watoto wao wanasalimia "mbukwenyi" kuliko wajukuu zangu. Ila siku ya kwanza kila mmoja wao aliulizwa, mwenzetu umetokea wapi, na akajibu. Swali lile halikuwa la kumfukuza. Ndiyo namna ya kumpa kiti.

Vitabuni pia ni hivyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kitabu chake Kufikirika kikatoka mwaka 1967, miaka 16 baada ya Kusadikika, nchi nyingine ya kuwazika ikaongezwa kando ya ile tuliyoizoea. Tulikisoma kama alivyokiacha, jina lake juu ya jalada. Sijasikia msomaji akisema ameibiwa. Basi kuongeza si dhambi, hata kuchelewa si dhambi. Dhambi ya Galland ilikuwa kwenye mkono aliouficha, kijana wa watu aliyeketi naye na ambaye hakupewa hata mstari mmoja wa chapa kwa miaka zaidi ya 150. Na dhambi yangu ni ya jamii hiyo, ijapokuwa ni ndogo.

Hapo ndipo nilipotaka kusimama. Lakini mwezi wa kumi nilimwona yule msichana wa dawati la mbele.

Ni mwanamke mzima sasa, ana wajukuu, anauza chakula karibu na stendi. Tulikutana msibani, tukakaa jikoni kuchambua mchele pamoja, sinia moja magotini mwetu sote wawili. Nikaona ni sasa au sitasema tena. Nikamwambia kwamba kurasa zile hazikuwapo. Kwamba Marjana kitabuni haombi nauli, anaolewa na mtoto wa tajiri yake. Kwamba niliufuata udongo kwa kidole.

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele.

"Kwa hiyo hakwenda kwao?"

"Kitabuni, hapana."

Alichagua jiwe dogo, akaliweka pembeni ya sinia, akachagua lingine. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Kwamba aliolewa Manyoni, na kwamba nyumba ile ilikuwa mbaya kwake kwa miaka sita. Kwamba siku mkwewe alipomuuliza kwa dharau anataka apewe nini ili anyamaze, yeye alijisikia anasema neno moja, nauli. Hakuwa amelipanga. Mzee alishangaa akampa. Usiku ule alipanda treni na mtoto mgongoni.

"Nilijua inawezekana," alisema. "Kuna mtu alishafanya."

Sikuwa na la kumjibu. Ustadhi angesema nini hapo, sijui, na sijamuuliza. Kama Ijumaa ile ningefunga kitabu nikasema watoto, hapa mchwa wamekula, yanayofuata natunga mimi, je, neno lingekuwa na nguvu ile Manyoni? Nafikiri pengine lisingekuwa nayo. Na bado siwezi kusema nilifanya vyema, kwa sababu kwa miaka zaidi ya arobaini aliutegemea mti ambao mimi peke yangu nilijua hauna mzizi pale alipodhani, na ungeweza kumwangukia siku yoyote, kwa mfano siku hiyo, juu ya sinia la mchele.

"Mwalimu," akaniuliza, "na lile la kwamba alifika, nalo ulitunga?"

"Nalo nilitunga."

Akanitazama kwa muda. "Mimi nilifika," akasema.

Wiki iliyofuata nilimwagiza mjukuu wangu daftari la kurasa 48 na gundi. Nimekisafisha kitabu cha baba kwa brashi ya viatu, udongo wote umetoka, na nimebandika karatasi nne mahali palipoliwa. Juu ya ya kwanza nimeandika kwa wino: hapa ndipo mchwa walipofikia, kuanzia hapa ni mkono wangu, na chini yake jina langu, jina la shule, na mwaka 1979. Kisha nikaandika mwisho wa Diyab, wenye ngoma na jambia, na jina lake Diyab nikaliandika kwa herufi kubwa. Kisha nikaandika wangu, wenye nauli, na nikamtaja bibi yake mama.

Nilimpelekea yule mwanafunzi wangu auone kabla gundi haijakauka vizuri. Alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akasoma karatasi zote nne amesimama kando ya masufuria. Alipofika chini akaniomba kalamu.

"Umesahau," alisema. "Andika kwamba ni mimi niliyeuliza."

Tukaandika, yeye akinishikia kitabu.